Kubadilisha kadi kwenye seva iliyo hewani: mwongozo kamili kwa Linux

Seva ya kanzidata ina kadi mbili za mtandao. Poti moja ya kadi ya kwanza imeanza vituko: inakatika, inarudi, inakatika tena, na logi imejaa mistari ile ile. Kadi mpya umeshaipokea, iko mezani ndani ya mfuko wake wa rangi ya fedha. Ukimwomba mkuu wa idara ruhusa ya kuzima seva atakwambia Jumamosi, saa nane usiku. Leo ni Jumanne.

Zipo seva zinazokuruhusu kuifanya kazi hiyo leo, mchana, wateja wakiendelea na shughuli zao bila habari. Zipo nyingine, na ndizo nyingi, ambazo ukijaribu utaizima huduma kwa mkono wako mwenyewe. Mwongozo huu unaanza na kuzitofautisha, kisha unaingia kwenye kazi yenyewe. Natumia Linux na kadi ya mtandao kama mfano kwa sababu ndiyo kazi ninayokutana nayo mara nyingi. Mwishoni nitagusa bodi za prosesa na memori, ambazo zina mkasa wao.

Jambo moja likukae kichwani kabla hatujashika bisibisi, maana karibu makosa yote niliyoyaona yametokea hapo. Kadi imeshikiliwa mara mbili: kerneli, kiini cha Linux, imeishika kwa upande wa programu, na sloti, tundu ilimochomekwa, imeishika kwa upande wa umeme. Mmoja akiiachia haina maana kwamba na mwingine ameiachia.

## Je, sloti yako inakata umeme?

Usidanganywe na diski. Seva nyingi za raki zinakubali kuchomolewa diski za mbele, pawasaplai za nyuma, na mara nyingi hata feni, mashine ikiwa inaendelea na kazi. Watu wakishazoea hilo wanadhani na sloti za kadi ziko hivyo. Haziko. Kwenye seva nyingi za kawaida za 1U na 2U, zile nyembamba za raki, kadi zinakaa juu ya raiza, ile bodi ndogo inayosimamisha kadi kwa ubavu, na raiza ikitoka inatoka na kadi zake zote. Hapo hakuna cha kujadili: zima mashine.

Mashine inayokubali utaitambua kwa kitabu chake kwanza, halafu kwa amri hii:

```
# lspci -vv -s 3a:00.0 | grep -A1 SltCap
SltCap: AttnBtn+ PwrCtrl+ MRL+ AttnInd+ PwrInd+ HotPlug+ Surprise-
        Slot #4, PowerLimit 75W; Interlock- NoCompl+
```

Angalia anwani vizuri. `3a:00.0` si kadi. Ni poti iliyo juu ya kadi, yaani daraja ambalo sloti imening'inia kwake. Kadi yenyewe iko `3b:00.0`. Kama hujui daraja la kadi yako, `lspci -tv` itakuchorea mti mzima.

Katika mstari huo, alama ya kujumlisha ina maana kwamba kitu hicho kipo, na ya kutoa kwamba hakipo. `HotPlug+` watu huiona wakafurahi, lakini mimi macho yangu yanaenda kwanza kwenye `PwrCtrl`. Hiyo ndiyo inayosema sloti ina swichi ya kukata umeme wake peke yake. `AttnBtn` ni kitufe kando ya sloti, `MRL` ni kile kilachi cha mkono kinachoshika kadi, na hizo mbili za `Ind` ni taa. Ukiona `HotPlug+` lakini `PwrCtrl-`, na hiyo ni sloti ya kadi wala si tundu la diski ya NVMe, chukulia kwamba huwezi kuchomoa. BIOS nyingine, yaani programu ya bodi inayowasha mashine, hutangaza uwezo ambao bodi haina.

Kisha tazama hapa:

```
# ls /sys/bus/pci/slots/4/
adapter  address  attention  cur_bus_speed  latch  max_bus_speed  power
# cat /sys/bus/pci/slots/4/address
0000:3b:00
```

Faili la `power` likiwepo, draiva (programu inayoendesha kifaa), kwa kawaida `pciehp`, imeishika sloti, na kama kuna `PwrCtrl+` inaweza kuizima. Folda ikiwepo bila faili hilo, Linux inajua tu kwamba sloti ipo na namba yake ni ngapi. Haina mamlaka nayo.

Kwa nini nakazia umeme hivi? Sloti ya x16, yaani yenye njia 16 za data, inaruhusiwa kupeleka hadi wati 75, nyingi zake kwa volti 12. Kadi mpya inaingia na kapasita zake zikiwa tupu. Ukiichomeka kwenye sloti yenye umeme, kapasita hizo zinafyonza mkondo mkubwa kwa mara moja, volteji inayumba, na bodi nzima inaweza kuanguka. Kwenye kadi za PCIe, ndizo hizi tunazozungumzia, kuna pini za kutambua uwepo ambazo zimefanywa fupi kuliko nyingine: zinagusa mwisho kadi ikiingia, na zinaachia mwanzo ikitoka. Zinaipa mashine taarifa ya kufumba na kufumbua kwamba kadi inaondoka. Ulinzi wa umeme hazitoi.

Matundu ya NVMe ya mbele ni habari nyingine. Soketi yake ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kuchomolewa, pini zake zinagusana kwa awamu, na ndiyo maana mara nyingi utaona `Surprise+`, yaani tundu linavumilia kuchomolewa ghafla. Huko umeme si tatizo, ila data. Nitarudi.

## Hakikisha ni kadi gani

Siku moja nilihesabu sloti kutoka kushoto. Aliyebuni bodi alihesabu kutoka kulia. Kilichoniokoa ni kilachi kilichokataa kufunguka, kwa sababu sloti ile bado ilikuwa na umeme. Tangu siku hiyo sihesabu.

Badala ya kuhesabu, iambie sloti iwake:

```
# echo 1 > /sys/bus/pci/slots/4/attention
```

Taa ya rangi ya kaharabu kando ya sloti namba 4 itawaka, na ukiandika 2 itapepesa. Andika 0 kuizima. Kwa kadi ya mtandao unaweza pia kuifanya poti yenyewe ipepese kwa nyuma:

```
# ethtool -p ens4f0 30
```

Hiyo ni sekunde 30 za kukimbia nyuma ya raki. Fanya yote mawili. Yakikubaliana, bandika karatasi kwenye kadi na kwenye kila kebo. Andika `f0` kwenye kebo ya poti ya kwanza na `f1` kwenye ya pili. Usiseme utakumbuka.

Majina ya poti nayo yanachanganya. `ens4f0` imechukua namba ya sloti, 4. Kwenye mashine ambayo famweya (BIOS) haitoi namba za sloti, kadi ile ile ingeitwa `enp59s0f0`, na watu huitafuta 59 kwenye `lspci` wasiione. Sababu ni kwamba `lspci` inaandika namba za basi, yaani njia ya data iliyo na kadi, kwa msingi wa 16: `3b` ni 59. `dmidecode -t slot` itakupa jina la sloti kama lilivyochapwa kwenye bodi pamoja na anwani yake ya basi, na hapo mambo yanaoana.

## Nani anaitumia?

Hapa ndipo penye kazi. Kuchomoa kadi ni dakika mbili. Kuhakikisha hakuna anayeihitaji kunaweza kula asubuhi nzima.

Kabla ya yote, wewe mwenyewe umeingiaje kwenye seva? Kama SSH yako, njia yako ya kuingia kwa mbali, inapita kwenye kadi unayotaka kuitoa, umekalia tawi unalolikata. Ingia kwa mlango wa usimamizi wa seva, ule wenye kebo yake peke yake, na ufungue `tmux` ili kazi isikatike mtandao wa ofisi ukiyumba. Kwenye dirisha moja acha `dmesg -w`, inayoonyesha logi ya kerneli, ikikimbia muda wote. Hilo dirisha ndilo litakalokwambia ukweli.

Sasa kadi ya mtandao. Katika mfano wetu poti `ens4f0` na `ens5f0`, zilizo kwenye kadi mbili tofauti, zimeunganishwa kuwa `bond0`, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri.

```
# cat /proc/net/bonding/bond0
# ip link set bond0 type bond active_slave ens5f0
# ip link set ens4f0 down
```

Simama hapo. Usiendelee. Kadi bado imechomekwa, bado ina umeme, na kwa amri moja unaweza kuirudisha. Mimi huacha hali hiyo kwa dakika kumi nzima na kumwomba mtu aliye upande wa wateja ajaribu kila kitu: kufungua programu, kutoa ripoti, kuchapa. Tazama na `ip -s link show ens5f0` kama namba za kuingia na kutoka zinapanda. Ikiwa kuna VLAN (mtandao pepe) iliyosahauliwa kwenye swichi upande wa kadi ya pili, utaigundua sasa na si wakati kadi iko mkononi mwako. Niliwahi kuigundua hivyo mara mbili, na mara zote mbili mtu wa swichi aliapa kwamba poti zimefanana.

Kimya kikiendelea, itoe kwenye bondi:

```
# ip link set ens4f0 nomaster
```

Huenda `dmesg` ikakuonya kwamba anwani ya MAC ya kudumu (namba ya utambulisho) ya kadi hiyo bado inatumiwa na bondi. Si kosa. Bondi kwa kawaida huchukua MAC ya kadi yake ya kwanza na kuendelea nayo. Lakini usiichukue kadi hiyo na kuichomeka kwenye seva nyingine ya mtandao huo huo leo, la sivyo utakuwa na mashine mbili zenye anwani moja na jioni ndefu mbele yako.

Poti ya pili ya kadi hiyo, `ens4f1`, nayo uiangalie. Kadi moja inaondoka na poti zake zote, hata zile ambazo hazina ubaya. Na kama umegawa kadi kwa mashine pepe, yaani seva za kiprogramu zilizo ndani ya seva hii, soma `sriov_numvfs` chini ya `/sys/class/net/ens4f0/device/`. Ikiwa si 0, kuna mashine pepe zinazokula kwenye kadi hiyo na lazima uzihamishe kwanza.

Kadi za aina nyingine zina maswali yao. Kwa kadi ya kuunganisha hifadhi ya nje, `multipath -ll` ionyeshe kila diski ina njia ya pili iliyo hai kupitia kadi nyingine. Diski moja yenye njia moja inatosha kuharibu siku. Kwa GPU, kadi ya michoro na hesabu nzito, `fuser -v /dev/nvidia*` itakupa orodha ya programu zilizoishika. Kwa NVMe, tenganisha mfumo wake wa mafaili kwa `umount`, itoe kwenye RAID (kundi la diski) kwa `mdadm --fail` kisha `--remove`, na utazame kwa `lsblk` kama LVM (mfumo wa kugawa diski) au kitu kingine bado kimeikalia. Hapo ndipo lile neno `Surprise+` linapowaponza watu: soketi imevumilia, mashine haikuzima, lakini data iliyokuwa ikisubiri kuandikwa imepotea.

## Kukata umeme

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kitufe. Ukikibonyeza mara moja, taa ya kijani inaanza kupepesa na una sekunde 5 za kubadili mawazo. Ukibonyeza tena ndani ya muda huo, zoezi linafutwa. Zikipita, kerneli inaiondoa draiva, inaondoa kadi kwenye orodha, kisha inakata umeme wa sloti. Ya pili ni amri, na ndiyo ninayoipenda kwa sababu naifanya nikiwa natazama logi:

```
# echo 0 > /sys/bus/pci/slots/4/power
```

Lugha ya taa ya kijani ni fupi. Ikiwaka mfululizo, sloti ina umeme, usiguse. Ikipepesa, mashine iko katikati ya kazi, usiguse. Ikizimika, sloti haina umeme na unaweza kutoa kadi. Ile ya kaharabu ikijiwasha bila wewe kuiambia, kuna hitilafu.

Thibitisha:

```
# cat /sys/bus/pci/slots/4/power
0
# lspci -s 3b:
```

Amri ya pili isirudishe kitu.

Sasa nirudi kwenye lile la kushikiliwa mara mbili. Ukitafuta mtandaoni utakuta watu wanapendekeza amri nyingine:

```
# echo 1 > /sys/bus/pci/devices/0000:3b:00.0/remove
```

Amri hii ni halali na ina kazi yake. Inaondoa kadi upande wa kerneli, poti moja kwa kila amri, na ukiandika 1 kwenye `/sys/bus/pci/rescan` kadi inarudi. Ni njia nzuri ya kuizindua kadi iliyoganda bila kuwasha mashine upya. Lakini umeme wa sloti haiugusi. Mwenzangu mmoja aliiandika, akaona kadi imetoweka kwenye `lspci`, akafungua kifuniko na kuivuta. Mashine ilikufa pale pale. Tulisimama kimya tukitazamana hadi feni zilipoanza kuvuma kwa kasi ya kuwaka upya. Bodi ilipona, lakini mashine pepe zote zilizokuwa juu yake zilianguka pamoja nayo. Kwa hiyo kipimo chako kiwe taa na faili la `power`, si `lspci`.

Na ikikataa? Kuna wakati `echo 0` inaganda na hairudi. Mara nyingi kuna programu imeishika draiva, au draiva yenyewe imekwama. Fungua dirisha jingine, usome `dmesg`, utafute aliyeishika. Unaweza kujaribu kuitenganisha draiva na kila poti moja moja, kwa mfano kwa draiva ya `i40e`:

```
# echo 0000:3b:00.0 > /sys/bus/pci/drivers/i40e/unbind
# echo 0000:3b:00.1 > /sys/bus/pci/drivers/i40e/unbind
```

Ikigoma na hapo, acha. Usiivute kwa hasira. Draiva inayosoma kadi isiyokuwepo hupata jibu la moja tupu, `0xffffffff`, na ile iliyoandikwa bila kutarajia hilo inaweza kuzunguka humo bila kutoka hadi ikaishusha kerneli. Subiri Jumamosi saa nane usiku. Angalau sasa una sababu ya kuandika kwenye barua.

## Mkono sasa

Vaa mkanda wa kuzuia umeme tuli na uubane kwenye chuma cha seva, sehemu isiyopakwa rangi. Watu wa Mombasa na Dar wataniambia hewa yao ina unyevu, umeme tuli utoke wapi? Unyevu uko nje. Ndani ya chumba cha seva kiyoyozi kinaikausha hewa mchana na usiku.

Vuta seva kwenye reli zake taratibu huku mtu akitazama kebo nyuma. Nimeona kebo ya umeme ikinyooka na kuchomoka kwa sababu mtu alivuta reli kwa nguvu, na hapo ufundi wote wa juu ukawa bure. Ukifungua kifuniko, feni zitapandisha kasi, kwa kuwa hewa sasa inatoka juu badala ya kupita kwenye prosesa. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla ya kufungua: kadi mpya, bisibisi yenye sumaku, mfuko wa kadi ya zamani. Skrubu ikidondoka kwenye bodi yenye umeme haisamehe.

Chomoa kebo, fungua kilachi, shika kadi kwa pembe zake mbili na uinue wima. Usiitikise kwa mapana ya sloti. Mulika tochi ndani ya sloti. Vumbi lipulize kwa hewa kavu ya kopo na si kwa mdomo. Ingiza mpya kwa kukandamiza sawasawa pande zote mbili mpaka ikae, funga kilachi, rudisha kifuniko, kisha kebo kwa alama zake.

## Kuirudisha hewani

```
# echo 1 > /sys/bus/pci/slots/4/power
```

Taa ya kijani inapepesa kisha inatulia. Kwenye `dmesg` utaona kiungo kimepanda, kadi imetambuliwa, imepewa anwani za memori, na draiva imeichukua. Ukiona mstari wa aina hii, umekwama:

```
BAR 0: no space for [mem size 0x02000000 64bit pref]
BAR 0: failed to assign [mem size 0x02000000 64bit pref]
```

Maana yake ni hii. Mashine inapowaka, kila daraja linagawiwa dirisha la anwani za memori kwa ajili ya kadi zilizo chini yake. Kadi mpya lazima itoshe kwenye dirisha lililoachwa na ya zamani. Ukibadilisha kadi kwa nyingine ya modeli ile ile, itatosha. Ukiweka kadi kwenye sloti iliyokuwa tupu tangu mashine ilipowaka, na BIOS haikuacha nafasi, Linux yenyewe huweka akiba ya megabaiti 2 tu, na kadi nyingi za leo zinataka zaidi. GPU ndiyo usiseme. Dawa ni kuongeza `pci=hpmemsize=64M` au zaidi kwenye mstari wa kuwashia kerneli, na dawa hiyo inahitaji kuwasha upya. Ndiyo maana, kama unajua seva itakuja kuongezewa kadi, iwekee akiba hiyo siku unapoisimika.

Kadi ikipokelewa, angalia upana wa kiungo kabla ya kushangilia:

```
# lspci -vv -s 3b:00.0 | grep -E 'LnkCap:|LnkSta:'
```

Kadi inayodai x8 ikisomeka x4 na neno `downgraded`, mara nyingi haijakaa vizuri. Itafanya kazi, na ndilo tatizo lenyewe, kwa sababu utakuja kulalamikiwa wiki mbili baadaye kwamba bekapu zinachelewa.

Jina la poti nalo lisikushtue. Kadi ya kampuni nyingine, hata kwenye sloti ile ile, inaweza kuitwa `ens4f0np0` badala ya `ens4f0`, kwa kuwa draiva yake inatangaza namba ya poti. Faili la mipangilio ya mtandao linalotaja jina la zamani halitaigusa. Rekebisha faili kwanza, kisha:

```
# ip link set ens4f0np0 down
# ip link set ens4f0np0 master bond0
# ip link set ens4f0np0 up
```

Usiihamishie kazi mara moja. Iache isubiri, halafu usome idadi ya makosa:

```
# cat /sys/bus/pci/devices/0000:3b:00.0/aer_dev_correctable
```

`RxErr` na `BadTLP`, hesabu za data iliyofika na kasoro, zikibaki 0 baada ya saa moja yenye shughuli, mpe kadi kazi yake. Zikipanda, kata umeme wa sloti kwa njia ile ile, itoe, uikandamize tena.

## Bodi kubwa: prosesa na memori

Kazi hii haikuanzia Linux. Mwaka 1997 Sun Microsystems walitoa Enterprise 10000, kabati zima lenye nafasi ya bodi 16, kila bodi ikibeba prosesa hadi 4 na memori yake, jumla prosesa 64. Msimamizi aliweza kuiondoa bodi nzima Solaris, mfumo wa uendeshaji wa Sun, ikiendelea kufanya kazi. Hata leo kwenye Solaris amri ni `cfgadm`, na napenda jinsi inavyotenganisha hatua: `cfgadm -c unconfigure` inaiondoa kwenye mfumo wa uendeshaji, `cfgadm -c disconnect` inaitenga na mashine. Wale waliona mapema kwamba ni mishiko miwili, wakaipa amri mbili.

Prosesa ndiyo nyepesi. Kwenye Linux:

```
# echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpu6/online
```

Programu zilizokuwa juu yake zinahamia kwingine. Ugumu uko kwenye memori. Kurasa, yaani vipande vidogo vya memori, za programu za kawaida zinahamishika. Kurasa za kerneli yenyewe, kwa sehemu kubwa, hazihamishiki. Solaris ililipita hilo kwa kuikusanya kerneli kwenye bodi chache, na kuitoa bodi iliyoibeba kulilazimu kuisimamisha mashine nzima kwa muda, yaliyomo yanakiliwe kwenye bodi nyingine, kisha iendelee. Linux inakugawia memori vipande vipande, na unajaribu kimoja kimoja:

```
# cat /sys/devices/system/memory/block_size_bytes
80000000
# echo offline > /sys/devices/system/memory/memory40/state
```

Hiyo `80000000` ni ya msingi wa 16 pia, yaani gigabaiti 2. Kwenye mashine ndogo utakuta `8000000`, megabaiti 128. Ukijibiwa `Device or resource busy`, kuna ukurasa wa kerneli ndani ya kipande hicho. Mwenye nia ya kuja kutoa memori anapaswa kuwasha mashine na `movable_node`, ili memori inayochomoleka itengwe mapema na kerneli isiikalie.

Kipande kikikubali, bado usifungue kifuniko. Kwenye seva za kawaida anwani za memori zinasambazwa kwa zamu kwenye vijiti vingi ili kuongeza kasi, kwa hiyo `memory40` haiko kwenye kijiti kimoja. Iko kidogo kidogo kwenye vyote. Kerneli imeiachia, lakini hakuna kijiti ulichokiachisha, na hakuna sloti ya kijiti unayoweza kuikatia umeme. Kwenye mashine hizo, kijiti kibovu kinasubiri seva izimwe.

Ambako amri hizi zinatumika kila siku ni ndani ya mashine pepe, ambako hakuna umeme wa kuogopa. `virsh setvcpus db01 8 --live` kutoka nje, kisha `lscpu` ndani kutazama kama prosesa zimefika. Zikionekana kama `offline`, ziwashe kwa kuandika 1 kwenye faili la `online` la kila moja. Kuongeza ni rahisi. Kupunguza, mgeni wa ndani, yaani mfumo wa mashine pepe, lazima akubali kuachia, na akikataa utarudi kwenye `dmesg` yake kumtafuta nani ameshika.